Uji wa Bakteria

Tulimwacha Shangazi amelala chali, paja la kulia liko wazi, jeli imeshapakwa, kichwa cha mashine kimeshushwa, na kidole cha daktari kiko juu ya kitufe. Ndipo mlango ukapigwa teke.

"Usiwashe!"

Aliyepiga teke ni Mwalimu, binti wa kaka yake Shangazi. Huyu hufundisha darasa la pili, na tangu aanze kazi hajawahi kumpandishia mtoto sauti. Leo alipandisha mpaka kioo cha dirisha kikalia. Viatu alikuwa amevishika mkononi.

"Usiwashe, daktari! Mfute kwanza hayo makamasi mliyompaka!"

"Makamasi?" Daktari aligeuka. "Mwalimu, hii ni jeli."

"Nusa."

"Ninuse nini?"

"Nusa, nimesema! Pua si unayo?"

Kwa wewe ambaye leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nasi, nitasema kwa kifupi, maana subira yangu iliisha zamani. Shangazi ni fundi wa cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu. Mguu wa kulia ndio mwenye nyumba, wa kushoto mpangaji tu. Ndani ya paja hilo la kulia, chini kabisa karibu na mfupa, limejificha jipu. Limepasuliwa, likarudi. Amemeza vidonge, amechomwa sindano, likarudi. Bakteria waliomo wamejifunika utando wa ute, dawa inapita juu yao kama mvua juu ya bati.

Daktari huyu, ambaye wodi nzima inamwita Bwana Mawimbi, alikuja na mashine ya kuazima. Inakusanya mawimbi ya sauti, sauti ambayo sikio halisikii, inayakutanisha mahali pamoja ndani ya mwili, kama mtoto anavyolikusanya jua kwa miwani ya babu yake akachoma karatasi. Ngozi haikatwi. Pale yanapokutana, ute unapasuka, bakteria wanasambaratika, na watakaosalimika dawa inawakuta uchi.

Jioni ya leo mashine inafungwa sandukuni, inarudi ilikotoka. Kesho asubuhi, jipu likiwa bado lipo, ni msumeno, mguu unakatwa. Ndiyo hivyo. Leo mawimbi, kesho msumeno.

Sasa tuendelee.

"Wewe si ulikuwa juu kwa mdogo wako?" Shangazi aliuliza kutoka kitandani, kama vile mlango haukupigwa teke. "Amejifungua?"

"Amejifungua, Shangazi. Wamempasua alfajiri. Mtoto mzima, yeye mzima, wamemshona, nimemwacha amelala. Nikasema niteremke, nipite wodi ya wanaume nimpe Seremala salamu zako." Mwalimu alisogea kitandani. "Shangazi, Seremala anaoza."

Seremala ni jirani yao. Alitangulia kutibiwa na mashine hii, na kupona kwake ndiko kulikompa Shangazi moyo wa kupanda kitandani.

"Seremala amepona," Daktari alisema. "Nimempiga picha mwenyewe. Jipu lake limekwisha."

"La ndani limekwisha. Twende ukaone la nje! Pale mlipompaka, palipokuwa na tundu la sindano, pamekuwa kijani. Kijani, daktari! Panachuruzika, shuka limegandia, nzi wamekaa kikao. Na harufu yake..." Mwalimu alinyoosha kidole kwenye paja la shangazi yake. "Ndiyo hii hapa."

"Harufu si kipimo, mwalimu."

"Mimi nimelala ndani yake," Shangazi alidakia, "nikajisemea, dawa kali lazima inuke. Kumbe?"

Daktari aliichukua chupa ya jeli kutoka kwenye karai la maji ya moto lililokuwa kando ya mashine. Akaikamua kidogo kwenye kidole cha glavu. Akanusa.

Uso wake ulibadilika.

Akafungua kifuniko. Shingoni mwa chupa, kwa ndani, palikuwa na pete ya utelezi, rangi ya chai iliyolala. Akachukua kibano, akashika, akavuta. Kitu kikaja. Akavuta tena, kikazidi kuja, kirefu, kinanesa, kama kamasi la mtoto mwenye mafua, wala hakikukatika.

"Vuta taratibu," Shangazi alisema. "Huenda mwisho wake kuna mtu ameshika."

Hakuna aliyecheka.

"Nesi," Daktari aliita. "Hii chupa inaoshwa lini?"

Nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linaoshwa lini.

"Hatuoshi, daktari. Tunajazia."

"Mnajazia?"

"Ikifika nusu tunajazia kutoka kwenye dumu. Ndivyo alivyonielekeza aliyenitangulia. Naye alikuta hivyo hivyo."

"Na haya maji ya moto?"

"Jeli ni baridi, wagonjwa wanaruka! Nikaona niwahurumie. Nikifika asubuhi kazi ya kwanza ni kuipasha, inakaa humo humo mpaka tufunge. Hata wa wodi nyingine nimewafundisha."

Hapo ndipo nilipotaka kutapika. Angekuwa na roho mbaya ningejua pa kumshika, lakini nesi huyu ana huruma! Amewahurumia wagonjwa mpaka wameoza. Bakteria hawana makuu. Wanataka joto, na joto walipewa kwa upendo. Wanataka unyevunyevu, upo. Wanataka chakula.

Chakula? Vuta subira, msomaji, na kama uko mezani sogeza sahani pembeni.

"Mfute," Daktari aliamuru. "Sabuni, maji, halafu spiriti. Chupa hiyo isiguswe tena. Dumu liko wapi?"

"Stoo ya dobi."

"Mnaniacha na nani?" Shangazi alipiga kelele akiwa anasuguliwa. "Na mashine? Nipandisheni kwenye kiti, nisukumeni. Paja ni langu, nataka kukiona nilichopakwa!"

Wakamsukuma. Gurudumu moja la kile kiti lilikuwa linalia kama panya aliyebanwa, ukumbi mzima, mpaka nyuma kwenye kufulia. Dobi walimkuta anakoroga sufuria kubwa, mvuke unamfunika kifua.

"Dumu la jeli? Si hilo hapo chini ya ngazi." Akalifuta kifuniko kwa mkono, kwa heshima. "Karibuni."

Daktari akafungua.

Kwanza ilitoka pumzi. Dumu lilipumua, naapa, lilicheua kama mlevi. Juu palikuwa na ngozi ya kijivu yenye mabaka, na katikati ya ngozi, mende mmoja amelala kifudifudi kama aliyezama akiwa anaomba dua. Kando kando povu. Mwalimu alifunika mdomo kwa kiatu, maana ndicho kilichokuwa mkononi.

"Hii ni nini?" Daktari alinong'ona.

"Wanga."

"Wanga gani?"

"Huu huu." Dobi alionyesha sufuria. "Wa kunyooshea sare za manesi na mashuka. Jeli ilianza kupungua, Mkuu wa Hospitali akaja hapa, akachovya kidole, akasema, unateleza kama jeli, unang'aa kama jeli, basi ni jeli. Natia jeli yenyewe kidogo, wanga mwingi, maji ya tangi, nakoroga."

"Unakoroga kwa nini?"

"Kwa huu mpini wa fagio." Alipoziona nyuso zao akajitetea haraka. "Si fagio la chooni, jamani! La chooni lina alama."

Daktari alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikaa kama mtu aliyekatwa nyuzi.

"Wanga ni chakula chao," alisema. "Mimi nawaua kwa mashine huku mbele, ninyi huku nyuma mnawapikia uji."

"Na mnawapashia," Mwalimu akaongeza.

Mimi kumbukumbu yangu ni ndefu, na hospitali hii inanijua. Nakumbuka glavu zilivyofuliwa zikaanikwa kwenye kamba, vidole vinapepea kama vinatuaga. Nakumbuka paka aliyeopolewa kwenye tangi la maji, tukaambiwa aliingia jana yake tu, na paka mwenyewe hana manyoya hata moja. Kila mara tuliambiwa ni bahati mbaya. Bahati gani hii iliyojenga nyumba kwetu na kuota mizizi? Wanategemea tusahau. Basi mimi nimekataa.

Kabla hajafika mtu, yalifika manukato. Yalijaa stoo nzima, matamu, mazito, ya kukaba koo. Nyuma ya manukato akaja Mkuu wa Hospitali, suti ya kijivu, tai nyekundu, anachechemea kidogo.

"Mnafanya nini kwenye stoo? Wageni wako getini! Wakubwa wenyewe! Mgonjwa anatakiwa awe kitandani, mashine inawaka, kila mtu anatabasamu!"

"Siwashi," Daktari alisema.

"Unasema?"

"Siwashi kwa uji. Seremala ameharibika ngozi. Huyu mama ana matundu ya sindano paja zima. Nikimpaka hii nitamtoa jipu moja ndani nimpe kumi nje."

"Acha maneno makubwa. Jeli ni jeli! Mimi mwenyewe nilipakwa, picha iko ukutani pale mapokezi, watu wote wameiona!"

Ni kweli, iko. Kubwa kama mlango. Mkuu ameketi, suruali imekunjwa, goti limenyolewa kwa wembe ling'ae mbele ya kamera, kichwa cha mashine kimewekwa juu ya goti lisilo na ugonjwa wowote, naye ametabasamu mpaka magego.

Shangazi hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaitazama suruali ya Mkuu kwa jicho la fundi.

"Mkuu, baba yangu, nani alikushonea suruali hiyo?"

"Mama, huu si wakati..."

"Nauliza kwa sababu upande wa kushoto unacheza, wa kulia umeganda. Kitambaa ni kimoja, hakiwezi kuwa na tabia mbili. Hebu ipandishe."

"Sipandishi!"

"Basi keti. Daktari, mpishe ndoo bosi wako."

Mkuu aliitazama ndoo. Jasho likamtoka chini ya tai. Akajaribu kukunja goti, akauma meno, akanyooka tena. Na alipotikisika, chini ya yale manukato kikapanda kitu kingine. Kila mtu pale alikitambua. Kilikuwa kimetoka dumuni sasa hivi.

Mwalimu aliweka viatu chini. Yeye kazi yake ni watoto wanaoficha vidonda wasikose mchezo, hana aibu na suruali ya mtu. Aliinama, akashika upindo, akapandisha.

Kitambaa kilibanduka kwenye nyama kwa sauti. Sitaieleza hiyo sauti. Ukiwa umewahi kubandua plasta ya siku nyingi, unaijua, izidishe.

Goti la Mkuu lilikuwa kijani na njano, limevimba kama papai lililodondoka, na kutoka kwenye kila mkato wa wembe kulikuwa na chozi zito linatoka taratibu. Bandeji ilikuwa imezama humo ndani. Dobi alikimbilia sinki lake mwenyewe.

"Ulijua," Daktari alisema.

"Nilinyolewa vibaya tu..."

"Ulijua, ukajimwagia manukato, ukaacha tuendelee kuwapaka watu!"

"Ningesemaje? Wageni wana tarehe yao! Ningewaambia nini, hospitali yangu inanuka?"

Hospitali yangu! Msomaji, limeze hilo neno kama unaweza.

"Mimi nilikuja na katoni nzima ya jeli," Daktari alisema. "Jeli ya kweli, chupa zimefungwa kiwandani. Nikaambiwa imekwisha. Iko wapi?"

Mkuu alitazama dari.

"Iko wapi?"

"Ofisini."

"Ofisini wapi?"

"Kwenye... kabati la vioo. Nimezipanga kwa ajili ya wageni. Wakiingia waone tuna vifaa."

Shangazi alicheka. Kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko matusi.

"Hata mimi nina vikombe vya wageni kabatini, baba. Lakini sijawahi kumnywesha mwanangu kwenye kopo la chooni ili vikombe vipendeze. Toa ufunguo."

"Mama, nikitoa chupa moja mstari unaharibika. Litaonekana pengo."

"Basi chagua pengo lenyewe," Shangazi alisema, amelishika paja lake kwa mikono miwili. "Liwe kabatini kwako au kwenye sketi yangu?"

Kwenye lango honi zilikuwa zinalia. Mkuu aliangalia goti lake, akaangalia dumu, akaangalia nyuso. Hakuona uso hata mmoja wa kuegemea. Akatoa ufunguo.

Mwalimu alirudi na chupa nne, mbili kila kwapa. Paja likaoshwa upya. Wageni walipofika walisimamishwa nyuma ya kioo, wamevaa vizuri, wananong'onezana, Mkuu amejipachika nyuma yao na tabasamu lake linatetemeka.

Daktari alikata kizibo. Jeli ikaanguka juu ya paja.

"Mama yangu, baridi!" Shangazi aliruka. Kisha akatulia, akanusa. "Hainuki kitu. Afadhali baridi."

"Sasa mama, usitikisike. Nikishaanza sitaweza kuacha njiani. Nikiacha nusu nitakuwa nimewapasulia bakteria nyumba na kuwaacha hai, watasambaa mguu mzima. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Mwanangu, nipe mkono."

Mwalimu alimpa mkono.

Mashine ikavuma. Kwenye skrini jipu lilionekana kama shimo jeusi. Daktari alilenga katikati ya shimo, akabonyeza, na ndani ya ule weusi kikatokea kiwingu kidogo cheupe, kinachemka, kinakula giza kutoka ndani.

"Unasikia nini?"

"Kama mtu ananikanyaga kwa ndani."

"Ni mimi."

"Basi kanyaga! Mimi nimekanyaga cherehani maisha yangu yote, haikulia."

Wingu likapanuka. Ukuta wa lile shimo, ule utando uliozishinda sindano zote, ukaanza kuchanika vipande vipande kama shuka kuukuu. Daktari alikuwa anatabasamu bila kujijua. Mmoja wa wageni nyuma ya kioo alipiga makofi, kisha Mkuu akawaongoza kuelekea ngazini.

Hapo ndipo Dobi alipochungulia mlangoni, anafuta mdomo kwa kiganja.

"Mwalimu," aliita kwa sauti ya chini. "Samahani. Nilikuwa natapika, sikuwahi kusema. Lile dumu mliloliona ni dogo."

"Dogo?"

"Kubwa nimelipeleka asubuhi wodi ya wazazi. Mkuu ameagiza waliopasuliwa wote wapimwe tumbo leo kwa mashine ya picha, wageni wakifika juu wakute kazi inaendelea."

Mwalimu aligeukia mlango. Mdogo wake. Alfajiri ile. Mshono ambao bado haujakauka damu.

"Daktari!"

"Siwezi kuacha!" Daktari hakuinua macho. "Nikiinua mkono sasa anapoteza mguu!"

Vidole vya Shangazi vilikuwa vimeukaza ule mkono mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Akavifungua, kimoja baada ya kingine.

"Kimbia," alisema. "Mimi nina daktari. Yule hana mtu."

Mwalimu alikimbia. Viatu vilibaki stoo, nyayo zilikuwa zinapiga sakafu kama makofi. Kwenye ngazi wale wageni walikuwa wameshaanza kupanda, Mkuu mbele yao, goti limekakamaa, amezikamata reli huku na huku, hapiti mtu. "Taratibu, mwalimu, taratibu, kuna wakubwa hapa!" Mwalimu akamsukuma kwa bega. Harufu ya manukato na usaha ikambaki kwenye blauzi.

Wodi ya wazazi. Kitanda cha kwanza, siye. Cha pili, siye. Mwisho wa ukumbi pazia la bluu limevutwa, na chini ya pazia miguu ya nesi kijana imesimama, na kando ya miguu hiyo, sakafuni, karai la maji ya moto linafuka mvuke.

Kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti ya upole, sauti ya mtu anayeipenda kazi yake.

"Fungua tumbo, mdogo wangu, wala usiogope. Haitakuwa baridi. Nimekupashia tangu asubuhi."